Barua kwa mwanangu: gego la mume wangu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Mume wangu, yaani huyo mjukuu wangu, ana miaka 6, gego limetoboka, usiku halali, na akisikia neno daktari anajifungia chooni. Unauliza wewe nilikuwezaje.

Sikukuweza, nilikudanganya. Nilikwambia twende sokoni ukale koni, tukaishia kwa daktari wa meno. Ulipoiona ile taa uling'ang'ania mlango. Baba yako na nesi wakakushika, jino likatoka. Miezi kadhaa baadaye, kila nikitaja soko unauliza, "Soko lipi, mama?" Watu wakicheka. Mimi sikuwa nacheka.

Gego la pili lilipoanza tulipata daktari mwingine, mama mtu mzima. Kwanza alinigombeza mimi: niache kukwambia haiumi, maana ikiuma hata kidogo hutaniamini tena. Kisha akakupa kile kioo chenye mpini, ukanihesabia meno. Siku hiyo hakugusa kitu kingine, na mimi nikanung'unikia nauli yangu. Tuliporudi wiki iliyofuata akakwambia, "Ukiinua mkono, naacha." Ukainua, akaacha. Ukainua tena, akaacha. Mara tisa! Ulikuwa unampima. Ulipoona hageuki, ukatulia, akaliziba.

Kwa hiyo tafuta daktari mwenye subira ya namna hiyo, na mpeleke asubuhi kabla hajachoka. Mwambie kweli: sindano ya ganzi itamfinya kama sisimizi, kisha shavu litakuwa zito, na mashine inalia kama mbu mkubwa. Ganzi hukaa saa 2 au 3, asile mpaka iishe. Wewe ulijitafuna mdomo ukavimba kama andazi.

Mama mkwe wako anasema ni jino la utoto, litang'oka lenyewe. Mwambie kwa adabu kwamba magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10, hata 12, na hakuna mtoto wa kuvumilia maumivu muda wote huo. Karafuu inatuliza tu, tundu haizibi. Maadamu limeshaanza kumwamsha usiku, nenda wiki hii. Akivimba shavu au akipata homa, usingoje kesho.

Kuna jambo nililisikia juzi tukiongea kwenye simu, nikanyamaza. Alipokuwa analia ulimwambia, "Nyamaza, nitamwita daktari akuchome sindano." Sikulaumu, maneno hayo uliyatoa kwangu, nami niliyatoa kwa bibi yako. Lakini mtoto aliyetishwa hivyo miaka yote, leo utamwambiaje kwamba daktari ni mtu mwema? Acha kuanzia leo, na baba yake naye aache.

Kesho baada ya magharibi nitapiga ile simu ya picha. Mpe kioo chako cha mkobani na tochi, anihesabie meno. Si mengi, hatachelewa kulala.

Mama yako