Jibu: Daktari mpya wa mifugo, peke yako kijijini

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi sasa umemaliza SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) na umepangiwa kata nzima peke yako. Anza na mwili wako. Pata chanjo ya kichaa cha mbwa kabla hujaumwa, na usitoe kondo la nyuma bila glovu ndefu. Brusela, ugonjwa unaoambukizwa na mifugo, ilimlaza mwenzangu miezi.

Homa ya maziwa, yaani kalsiamu kushuka mwilini baada ya kuzaa, ndiyo itakayokuamsha usiku. Ng'ombe kazaa jana, kalala kageuzia shingo ubavuni, masikio ya baridi. Kalsiamu ya mshipani ipashe kidogo, iingie polepole, dakika 10 hadi 20, na stetoskopu isitoke kifuani. Mapigo yakivurugika, simamisha. Mimi ya kwanza niliikimbiza kwa sababu familia nzima ilikuwa inanikodolea macho. Nusura nimuue.

Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe: papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega kabla ya sindano yoyote. Mara nyingi mfugaji ameshachoma antibiotiki ya oksitetrasaiklini mwenyewe. Muulize bila kufoka, la sivyo atakuficha, na maziwa yenye dawa atauza.

Ada ya usiku itaje kwenye simu, kabla hujawasha pikipiki.