Maswali ya Wasomaji: Kaunta Inayoruka Hesabu

SWALI: Assalaam alaykum, ndugu mhariri. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Wete, Pemba. Ninajenga kompyuta ndogo kwa chipu za mantiki za 74HC, bila ya prosesa iliyo tayari, ili wanafunzi waone kwa macho yao namna mashine inavyohesabu. Nimeanza na kaunta ya 74HC161, yaani chipu inayohesabu mapigo ya umeme, na mapigo ninayapeleka kwa kubonyeza kitufe. Taa zake nne, zinazoonesha hesabu kwa mfumo wa 0 na 1, haziendi kwa mpangilio: mara hutoka 3 zikaingia 6, mara hurudi 0, na nikisogeza kidole karibu na waya, bila hata kugusa, hubadilika. Nimeshabadilisha chipu mbili. Je, nimeuziwa mbovu?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu. Sidhani kuwa chipu ni mbovu, na shahidi wangu ni hicho kidole chako. Katika chipu za 74HC, mguu wa kuingizia usiounganishwa popote si 0 wala si 1. Unaelea, na umeme mdogo kabisa wa mwili wa mtu aliye karibu unatosha kuusukuma upande huu au ule. Mguu wa 1 wa kaunta yako kazi yake ni kufuta hesabu pale unaposhuka kwenye hasi, kwa hiyo ukiachwa wazi, kila unapoteleza chini taa zote huzimika, na hiyo ndiyo 0 inayokusumbua. Unganisha miguu ya 1, 7, 9 na 10 na chanya ya volti 5, na miguu ya 3, 4, 5 na 6 na hasi, kabla hujagusa kitu chengine. Chipu za zamani za 74LS zilikuwa zikivumilia zaidi, kwani mguu uliosahauliwa kwa kawaida ulisomeka 1, lakini mazoea hayo usiyalete kwenye 74HC.

Kutoka 3 kuingia 6 ni jambo jengine, na hapo nakishuku kitufe. Vibati vyake vinapokutana hudunda kwa milisekunde chache, na kila mdundo kwa chipu ni pigo kamili. Tafuta swichi ya miguu mitatu, uunganishe wa kati na hasi, na kila wa pembeni na mlango mmoja wa NAND (sakiti ndogo ya mantiki inayotoa 0 pale tu maingizo yake yote yanapokuwa 1) wa chipu ya 74HC00, ukiufunga mguu huo wa pembeni pia na chanya kupitia rizista ya kiloomu 10. Tokeo la kila mlango liingie kwa mwenzake. Jozi hiyo hushika mguso wa kwanza na kuipuuza midundo inayofuata. Waeleze wanafunzi kwamba mantiki ya kompyuta iliyowafikisha wanaanga wa Apollo mwezini ilijengwa kwa aina moja tu ya mlango, nao ni NOR, unaotoa 1 pale tu maingizo yake yote yanapokuwa 0. Milango miwili ya 74HC00 itakayobaki, maingizo yake yafunge kwenye hasi kwa sababu ile ile ya kwanza.

Mwisho, weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 baina ya miguu ya 16 na 8, karibu kabisa na chipu, kwani hesabu inapotoka 7 kwenda 8 taa zote nne hugeuka kwa pamoja na volti hutetereka. Kaunta ikishazunguka kutoka 0 hadi 15 mara mia bila ya kukosea, ndipo uanze rejista, yaani chipu za kuhifadhia namba.