Dixon na baba asiyekuwapo: kwa mnaoanza kazi ya nasaba

Juzi nimempitia kijana wetu mpya mezani. Kafungua rejista ya kanisa ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ndoa ya John Dixon wa 1761, na pembeni kaandika: "Atafutwe baba, Richard." Nikavuta kiti. Mwanangu, njia hiyo mimi nimeipita, nikarudi nachechemea.

1. Maana ya jina hatubishani. Dixon ni mwana wa Dick, na Dick ni Richard. Waingereza wa zama za kati walilikata jina kisha wakalichezea herufi ya mwanzo: Richard akawa Rick, Rick akawa Dick na Hick, Robert akawa Rob, kisha Hob. Kwa hiyo Hobson na Robinson ni ndugu, ingawa sura hazifanani.

2. "Son", yaani mwana, imeshamiri mwishoni mwa majina ya kaskazini. Kusini na Wales wakapenda "s", kama Richards. Ni dokezo tu.

3. Hapa ndipo nilipoumia. Mimi mtu wa Tanga. Kwetu Juma Ali akizaa, mtoto ni Hamisi Juma. Hamisi akizaa, ni Asha Hamisi. Jina la baba linatembea. La Uingereza liliganda, kwa koo nyingi kabla ya karne ya 15. Dick mwenyewe alishakuwa udongo zamani.

Nami nilikuwa na John Dixon wangu, kaoa 1748. Rejista za ndoa za wakati huo hazitaji baba, mnajua. Nikarudi kwenye ubatizo, nikakuta akina John wawili, mmoja wa Thomas, mmoja wa Richard. Dixon, mwana wa Richard! Nikacheka peke yangu kwa furaha. Wiki tatu nikauchora mti hadi babu wa babu. Mteja, mzee mstaafu, akautia fremu na kuutundika sebuleni.

Miezi ikapita. Natafuta habari za mtu mwingine kabisa kwenye nakala za askofu, yaani nakala za rejista ambazo parokia zilimpelekea askofu, nikakutana na mazishi: John, mtoto wa Richard Dixon, miezi miwili baada ya ubatizo. Kwenye rejista yetu yalikuwa ukurasa wa pili tu. Sikuwa nimefunua.

Nilimpigia mzee mwenyewe. Akanyamaza, kisha akauliza taratibu, "Sasa hawa walioko ukutani kwangu ni akina nani?" Nikarudisha hela, na ya fremu nikalipa mimi.

4. Tafuteni na Dickson, na Dixson. Karani aliandika alichosikia.

5. Kabla ya 1752 mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi. Ndoa ya Mei 1720 imetangulia ubatizo wa Februari 1720. Msimwite mtu mwana haramu kabla hamjahesabu.

Yote hayo nilimweleza kijana, akaitikia kwa adabu, akachukua kifutio. Richard akafutika. Akaandika: "Atafutwe baba, Dick."