Anwani mbili za simu moja

Umeuliza kwa nini simu yako inaonyesha anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao) kwenye Fing, programu ya kuchunguza mtandao, na nyingine kwenye tovuti ya kuangalia anwani. Zote mbili ni sahihi: 192.168.1.7 inayoonekana kwenye Fing ni anwani ambayo ruta ya nyumbani (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) imeipa simu yako, na ile tofauti uliyoiona kwenye tovuti ni anwani ya ruta yenyewe kwenye intaneti, ambayo vifaa vyote vya nyumbani huitumia kwa pamoja. Waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 1918, wa mwaka 1996, ulitenga namba zinazoanza na 10, na 192.168, na 172.16 hadi 172.31, kwa mitandao ya ndani tu, ndiyo maana jirani yako naye anaweza kuwa na 192.168.1.7 bila kugongana nawe. Kwa kuitazama tu anwani ya simu, sioni haja ya kupakua programu kama Fing, kwani kwenye iPhone unafungua mipangilio ya Wi-Fi na kugusa alama ya i kando ya jina la mtandao. Ila ukizima Wi-Fi na kutumia data, huenda ukakuta anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, nayo pia si ya umma, kwa kuwa kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma.