Barua kwa mwanangu aliyeitwa kwenye juri

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: umepata samansi ya kwenda kukaa kwenye juri huko Chicago, kuwa mmoja wa wale raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, je, uende, au uwaandikie kwamba una mtoto mdogo wakuache? Nimesoma ujumbe wako mara tatu, na kila nikiusoma namwona mjomba wako.

Ulikuwa darasa la pili, hukuambiwa yote. Walimkamata katika ule mji wetu wa kwanza, wakasema simu iliyokutwa kwenye gari lake ni ya wizi. Niliomba ruhusa kazini, nikakaa kwenye benchi la nyuma mahakamani tangu saa mbili asubuhi. Kabla yake aliitwa kijana mwingine, shtaka lilelile, ana wakili wa kulipwa. Akasaini kwamba atarudi, akaenda zake. Mjomba wako, ambaye wakili wake wa serikali alikuwa ndiyo kwanza anafungua faili, akapangiwa dhamana ya dola 1,500. Akageuka akanitazama. Alijua kama nilivyojua kwamba kodi ya nyumba tulikuwa tumeilipa jana yake.

Alikaa mahabusu siku 19. Siku ya 20 wakamwambia: ukikiri, leo unalala kwako, ukikana, subiri tarehe. Akakiri asichokifanya. Kukiri kule ndiko kulikomkwamisha alipoomba uraia, na ile miaka unaikumbuka mwenyewe. Nimesema na nitazidi kusema: mtu afungwe kwa kosa, asifungwe kwa ufukara.

Usinijibu kwamba ilikuwa bahati mbaya yetu. Kalief Browder alikuwa na miaka 16 walipomkamata Bronx, New York, mwaka 2010, akidaiwa kuiba mkoba. Dhamana dola 3,000, kwao hazikupatikana. Akakaa jela ya Rikers Island miaka mitatu, karibu miwili akiwa amefungiwa peke yake, halafu kesi ikafutwa. Kila walipomtaka akiri, alikataa. Mwaka 2015 alijiua. Basi nani alifanya sawa, yeye au mjomba wako? Nimelala na swali hili miaka, na bado.

Lakini nisiwaonee. Huko Illinois, jimbo la Chicago yako, dhamana ya fedha ilifutwa Septemba 2023. Mjomba wako asingewekewa bei. Nilipoisikia habari ile nilifurahi, kisha nikakasirika: ina maana haki inabadilika ukivuka mpaka wa jimbo? Louisiana na Oregon, mpaka Mahakama ya Juu ilipokataza mwaka 2020, wanajuri 10 kati ya 12 walitosha kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa. Wale wawili wenye shaka walikuwa kama hawamo chumbani. Nawafikiria sana wawili hao. Huenda mmoja wao alikuwa mama aliyewahi kukaa benchi la nyuma.

Mjomba wako hakuwahi kufika mbele ya juri. Wengi kama yeye hawafiki, wanakiri mlangoni. Kwa hiyo kuna siku najiambia, mwanangu akapoteze siku zake kwa nini, mambo yameshaamuliwa kabla? Na kuna siku namwona mtu mmoja aliyekataa kukiri, amevumilia mpaka mwisho, anainua macho awatazame hao 12.

Baba yako kasema nikuache uamue mwenyewe, nami nimemwahidi. Ila kama shida ni mtoto, niambie tarehe mapema nibadilishane zamu na wenzangu. Nitapanda basi nije nikae naye.

Mama yako