Karanga kuchacha kwenye pakiti: nitrojeni au kaboni dioksaidi?

Ndugu, kama karanga zako za kukaanga zinachacha baada ya wiki chache, adui ni oksijeni, ambayo ni asilimia 21 ya hewa. Tumia nitrojeni kusukuma hewa nje ya pakiti kabla ya kuifunga. Kaboni dioksaidi huyeyuka kwenye unyevu na mafuta, pakiti ikanywea.

Ila kabla ya gesi, kagua pakiti zenyewe! Plastiki nyepesi hupitisha hewa, utakuwa unatwanga maji kwenye kinu. Mimi nilimaliza mitungi miwili hivyo. Chukua zenye tabaka la alumini.

Dai gesi ya daraja la chakula, siyo ya kuchomelea. Usifanyie kazi chumba kilichofungwa: nitrojeni haina harufu, unazimia bila onyo. Kuunganisha mtungi na regulata (kifaa cha kupunguza presha ya gesi) mwachie fundi wa gesi.