Unataka kuwa trena wa farasi wa mbio? Anza na miguu

Vijana wengi wananiuliza vile mtu anaingia kwa kazi ya farasi wa mbio pale uwanja wa Ngong, Nairobi, na karibu wote swali la kwanza ni la Jumapili, siku ya mbio, suti, kombe na picha na mwenye farasi. Jumapili ni tamu, sikatai. Lakini mbio yenyewe inaisha kwa dakika chache na siku zingine zote ni kazi ambayo hakuna mtu anakuja kuitazama, na hiyo ndiyo kazi.

Mimi nilianza saisi, yule mtu wa kutunza farasi kila siku bandani, na hata wewe nakuambia anza saisi. Leseni ya trena inatoka Jockey Club of Kenya, wale wanaosimamia mbio za farasi, na utaiomba wakati wake ukifika, ila saa hii kaa na farasi. Saisi ndiye anajua huyu jana hakumaliza chakula, huyu kinyesi kimekauka, huyu leo hataki kuguswa mgongo. Trena asiyesikiliza masaisi wake simwamini kabisa.

Sasa miguu. Kila asubuhi kabla tandiko halijawekwa, pitisha mkono polepole kutoka goti hadi kwato, miguu yote 4, unatafuta joto na uvimbe, sanasana ile kano ya nyuma ya mguu wa mbele. Farasi ana kilo 450 mpaka 500 na akiwa kasi kuna wakati uzito wote unatua kwa mguu mmoja tu, kwa hivyo kano ikianza kuchanika inakuja kwanza kama kajoto kadogo ambako mkono usiozoea haukashiki. Ndio maana lazima ujue mguu wa kila farasi vile huwa akiwa mzima. Ukipata joto, hakuna mbio, hata kama mwenye farasi ameshaalika ukoo mzima, na hiyo simu usimtume mtu apige, piga mwenyewe, mwambie leo hakimbii na kwa nini. Atakasirika. Wacha akasirike.

Halafu tumbo. Farasi hawezi kutapika, akila kitu kibaya hakirudi, na tumbo likimsokota anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, nyasi kavu isimwishie, maji yawe safi, na usimbadilishie chakula ghafla juu umeskia trena mwingine anatumia kingine. Ukimwona anageuka kuangalia ubavu, anaparua chini, analala anaamka analala tena, ita daktari saa hiyo hiyo. Na huku kwetu kuna ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, unaua haraka sana, kwa hivyo chanjo usiruke na msimu wa mvua farasi waingie ndani kabla giza halijaingia.

Wasichana wananiuliza kama hii kazi ni ya wanaume. Dada, Beryl Markham alipata leseni ya trena hapa Kenya miaka ya 1920 akiwa bado kijana mdogo kabisa, na farasi wake wakaja kushinda Derby ya Kenya, ile mbio kubwa, mara 6. Watu wanamkumbuka kwa kuvuka Atlantiki na ndege peke yake mwaka 1936, mimi namheshimu zaidi kwa farasi. Alikulia Njoro kwenye farasi wa baba yake, amezoea harufu ya banda tangu utotoni, na hicho kitu hakina njia ya mkato.

Pesa nitasema kwa ufupi: mwenye farasi anakulipa kila mwezi na farasi akishinda unapata asilimia yako, lakini wapo wanaochelewesha na farasi hawezi kungoja, anakula leo. Andikianeni kila kitu. Na kwenye hayo maandishi weka pia farasi ataenda wapi akimaliza mbio, juu wengi wanastaafu bado wana miaka mingi ya kuishi, wanaweza kufundishwa kuruka au kubeba watoto wanaojifunza kupanda. Muulize mwenye farasi siku ya kwanza, kabla farasi hajashuka kwa lori, na kama hana jibu mimi huwa simpokei.